Nane au Tisa

Daktari wa meno alileta supachaja yake, kifaa cha kuisukumia injini hewa, imefungwa kwenye taulo, akaiweka juu ya meza ya kazi kwa mikono miwili. Ilikuwa ya aina ile ya duara inayofanana na konokono. Ilitolewa kwenye gari lililopinduka, lakini mapanga yake ya ndani yalikuwa mazima na mhimili ulizunguka bila kulegalega.

"Nataka unifungie hii," alimwambia fundi. "Injini usiiguse. Inakwenda vizuri."

Fundi aliizungusha supachaja kwa kidole, kisha akamtazama mwenye gari. Walifahamiana kwa miaka minne. Daktari alikuwa mwanamke wa arobaini na kitu, mwembamba, mwenye kucha fupi kuliko za mafundi wenyewe. Siku sita za wiki aliziba na kung'oa meno ya watu, na siku ya saba aliendesha gari milimani. Mara moja kwa mwaka kulikuwa na mashindano ya kupanda mlima, kilomita sita na kona thelathini na moja, gari moja baada ya jingine, na mshindani pekee uliyemwona alikuwa saa. Mwaka uliopita alishika nafasi ya saba.

"Nisipoigusa injini," fundi alisema, "utapanda kona kumi. Zilizobaki utapanda kwa miguu."

Gereji ile ilikuwa ya watu wawili, kaka na dada, waliorithi kutoka kwa baba yao. Kaka alifungua injini na kuzifunga. Dada yake, aliyekuwa mdogo kwake kwa miaka mitano, alikaa chumba cha nyuma na mashine ya kukereza vyuma. Wateja walimwita Desimali, kwa sababu hakuwahi kukubali kipimo kisicho na nukta, na yeye aliitikia jina hilo bila kinyongo. Kwa miaka ishirini mpango wao ulikuwa mmoja. Kaka anaandika namba kwenye kipande cha karatasi, dada anaikata kwenye chuma. Hawakugombana, kwa kuwa namba za kaka zilikuwa sahihi.

Siku iliyofuata walifungua injini ili kujua inabana hewa kiasi gani. Walilaza silinda hedi, kile kifuniko cha juu cha injini, kichwa chini, wakafunika chumba kimoja kwa kioo chenye tundu dogo, kisha wakajaza mafuta mepesi kwa bomba la sindano wakihesabu kila tone. Daktari aliomba ajaze yeye. Mkono wake haukutikisika hata kidogo, na Desimali akamwangalia kwa heshima ambayo watu wengi hawakuwahi kuipata kwake.

"Wewe ungefaa huku," alimwambia.

"Na wewe ungefaa kule. Ila wagonjwa wangu wanapiga kelele."

"Vyuma pia hupiga."

Walipojumlisha na unene wa gasketi, hesabu ikatoa mara kumi na nusu. Maana yake, hewa na petroli vilivyojaza silinda nzima vilibanwa hadi vikabaki sehemu moja ya kumi na nusu, ndipo plagi iwashe. Kwa gari lile jinsi lilivyotoka kiwandani, hakukuwa na ubaya. Lakini supachaja husukuma ndani hewa zaidi ya ile ambayo injini ingevuta yenyewe. Hewa nyingi ikibanwa sana hupata joto kupita kiasi, na mchanganyiko hulipuka wenyewe kabla ya wakati, pistoni ikiwa bado iko njiani kupanda. Mafundi huita jambo hilo kugonga. Injini ikigonga kwa dakika chache chini ya mzigo, pistoni hupasuka.

Kwa hiyo ilibidi kupunguza. Waliagiza pistoni nne mpya zenye vichwa vinene, ili Desimali azichimbe kibakuli juu, hewa ipate nafasi. Swali lilikuwa zichimbwe kiasi gani, yaani injini ibane hewa mara ngapi.

"Nane," fundi alisema.

Daktari alikuwa amesoma kuhusu mambo haya. "Nilidhani tisa na nusu."

"Tisa na nusu ni ya watu wenye petroli nzuri na hali ya hewa ya baridi."

"Basi tisa. Konokono huyu hasukumi kitu mpaka injini ichanganye. Nikitoka kwenye kona nikiwa na nane, gari litakuwa zito, si ndiyo?"

"Litakuwa zito kidogo, lakini zima."

"Kaka," Desimali alisema akiwa mlangoni, "tisa inawezekana. Ukichelewesha moto wa plagi digrii mbili tatu ili isigonge—"

"Nimesema nane." Fundi aliandika namba kwenye karatasi, akaipiga mstari chini, akaiweka mbele ya dada yake. Yeye mwenyewe akaenda kunawa mikono, ingawa haikuwa michafu.

Desimali alikaa na karatasi ile siku mbili. Hakuwa mtu wa kukaidi. Lakini kwa muda wa miaka miwili hivi alikuwa ameona jambo ambalo hakujua alitaje vipi. Namba za kaka yake zilikuwa zikishuka. Injini aliyokuwa akiipa tisa zamani, siku hizi aliipa nane na robo. Moto wa plagi aliuchelewesha kwenye kila gari, jambo linalopunguza nguvu, hata magari ya wazee wanaokwenda sokoni na kurudi. Teksi tatu zilikuwa zimehamia gereji nyingine. Dereva mmoja alimwambia Desimali usoni kwamba magari yakitoka kwao hayaharibiki, ni kweli, lakini yanatambaa. Alidhani kaka yake anazeeka na kuingiwa na woga. Kaka alikuwa na miaka hamsini na sita.

Alifanya hesabu upya, akairudia kwa kalamu nyingine. Ili kupata nane, kila kibakuli kilihitaji karibu sentimita za ujazo kumi na tisa. Ili kupata tisa, kumi zilitosha. Siku ya tatu alifunga pistoni ya kwanza kwenye mashine, akakata kumi. Akakata na tatu zilizobaki vivyo hivyo, zote zikalingana kwa uzito hadi gramu. Alizipanga kwenye kitambaa na kumpelekea kaka yake. Fundi alizipokea, akazipapasa kingo kwa kidole gumba, akasema, "Safi." Hakupima. Katika miaka ishirini hakuwahi kupima kazi ya dada yake.

Injini ilifungwa kwa siku tano. Fundi aliweka moto wa plagi kama unavyowekwa kwa injini inayobana mara nane, yaani mapema mno kwa tisa. Desimali aliona, akajiambia kwamba kaka atasikia barabarani na atarekebisha. Ndivyo ilivyokuwa siku zote. Waliweka kwa kukadiria, wakatoka na gari, naye akasikiliza. Injini ikianza kugonga hata kidogo, fundi alinyanyua mkono wake wa kulia, dereva akaachia mafuta, wakasimama na kurekebisha. Wateja walipenda kusimulia habari za mkono ule.

Walitoka asubuhi ya joto. Daktari alishika usukani, fundi akakaa kando yake, Desimali akakaa nyuma na kisanduku cha spana miguuni. Barabara ya majaribio ilikuwa ile inayopanda kwenye machimbo ya mawe, yenye malori machache siku ya mapumziko. Kwa kilomita mbili za mwanzo Daktari alitabasamu tu. Gari lilitoka kwenye kona kwa hamu, na supachaja iliposhika kasi ilitoa mluzi mwembamba, na mgongo wa kila aliyekuwemo ukabanwa kwenye kiti.

"Hii ndiyo nane?" Daktari aliuliza. "Nimekosea kukubishia."

Fundi aliitikia kwa kichwa, ameridhika. Desimali alitazama nje.

Mwinuko wa tatu ulikuwa mrefu. Katikati yake Desimali alisikia sauti, nyembamba na kavu, kama punje za mchele mbichi zikimwagika kwenye sahani ya bati. Aliusubiri mkono wa kaka yake. Mkono ulikuwa umetulia juu ya goti. Daktari pia alisikia, akageuza macho kidogo kumtazama fundi.

"Niendelee?"

"Endelea. Kanyaga, usilionee huruma."

Daktari alikanyaga. Sauti iliongezeka, ikapungua, ikarudi. Desimali alibana kisanduku cha spana kwa miguu. Kama kaka anasikia na amenyamaza, alifikiri, basi ameona haina madhara. Na kama angesema, angeulizwa kwa nini injini ya nane igonge. Mita kama mia nne zilipita. Kisha gari likatetemeka, nguvu ikakatika, na moshi wa bluu ukajaa nyuma yao hadi lori lililokuwa likishuka likawasha taa.

Walilivuta gari hadi gereji kwa kamba. Njiani Daktari aliwaomba wamwache mbele ya zahanati yake, kwani alikuwa ameahidi kumwangalia mgonjwa mmoja jioni ile.

Fundi aliifungua injini peke yake. Plagi ya silinda ya tatu ilikuwa na vitone vidogo vya kijivu, ambavyo ni chuma cha pistoni kilichoyeyuka. Pistoni yenyewe ilikuwa imemeguka kipande kati ya ringi ya kwanza na ya pili. Aliiweka mezani akaitazama kwa muda mrefu. Injini ya nane, kwa moto ule, haikuwa na sababu ya kufanya hivi. Ndipo, kwa mara ya kwanza, alipochukua bomba la sindano na kupima kazi ya dada yake. Alipima pistoni ya tatu, akapima ya kwanza, akapima tena ya tatu.

Alimkuta Desimali amekaa kwenye kiti chake, mashine imezimwa.

"Niliandika ngapi?"

"Nane."

"Ukakata ngapi?"

"Tisa."

Fundi alivuta ndoo ya plastiki, akaigeuza, akaikalia. Hakupaza sauti. "Miaka ishirini," alisema. "Sijawahi kukupima hata mara moja."

"Najua, Kaka. Nimekosa. Sina la kujitetea." Desimali alikuwa amejiandaa kulisema hilo na kuishia hapo, lakini maneno mengine yakamtoka. "Ila iligonga. Iligonga mwinuko mzima. Mimi niliyekaa nyuma nilisikia, na Daktari alisikia. Wewe ulikaa mbele. Nilikuwa nasubiri unyanyue mkono."

Fundi alisogeza ndoo karibu naye.

"Ulisema akanyage. Kwa nini ulisema akanyage?"

Fundi alijifuta uso kwa kiwiko, kwa sababu viganja vyake vilikuwa na mafuta. "Kwa sababu sikusikia," alisema.

Alisimulia bila kutia chumvi, kama anayesoma orodha ya vipuri. Karibu miaka miwili iliyopita dereva mmoja wa teksi alimwambia, fundi, unasikia hiyo? Akajibu kwamba anasikia, na hakuwa akisikia chochote. Mazungumzo ya watu aliyasikia, honi aliisikia, na mngurumo wa injini pia. Sauti nyembamba ndizo zilizomtoka moja baada ya nyingine. Mlio wa saa ya mezani nyumbani kwake. Ndege wa asubuhi. Siku moja mkewe alimwuliza kwa nini ameacha birika linapiga mluzi jikoni, naye amesimama kando yake. Alimwambia mkewe alikuwa na mawazo.

"Kwa hiyo ukaanza kushusha namba," Desimali alisema.

"Nilizishusha mpaka mahali ambapo injini haiwezi kugonga hata nikiwa kiziwi kabisa. Nane ilikuwa pale. Sikuhitaji kusikiliza chochote."

"Ungeniambia."

"Na wewe ungeniambia tisa."

Desimali alilia kidogo, kwa hasira zaidi kuliko huzuni, na hakujua hasira ile ni ya nani. Kaka yake alibaki juu ya ndoo mpaka alipomaliza. Kisha akasema kwamba Daktari ni lazima aelezwe, na aelezwe yote.

Walikwenda wote wawili zahanati keshoye, wakapanga foleni kwenye benchi pamoja na watu wenye mashavu yaliyovimba. Daktari aliwaingiza ndani baada ya mgonjwa wa nne. Fundi alikataa kukaa kwenye kile kiti kirefu, akasimama. Alieleza ya kwake, Desimali akaeleza ya kwake. Daktari aliwasikiliza akiwa ameshusha barakoa kidevuni.

"Yaani mmoja alinidanganya kuhusu pistoni," alisema mwishowe, "na mwingine akanidanganya kuhusu masikio."

"Ndiyo, Daktari," fundi alisema.

"Na mimi nilisikia kwa masikio yangu mwenyewe, nikaendelea kukanyaga kwa sababu mwanamume mmoja hakunyanyua mkono." Alivua glavu, akazitupa. "Mashindano yamebaki wiki tatu. Mwaka huu sitakwenda, hilo limeisha. Nataka kujua jambo moja. Kati ya nane na tisa, nani alikuwa sahihi?"

Waliangaliana. Desimali ndiye aliyejibu. "Tisa inafanya kazi kama kuna mtu wa kusikiliza na moto ukawekwa wa tisa. Mimi nilikata tisa nikamwachia aweke moto wa nane. Kwa hiyo sikuwa sahihi."

"Na nane ni salama," fundi alisema, "lakini niliichagua kwa ajili yangu, si kwa ajili ya gari lako. Kwa hiyo na mimi sikuwa sahihi."

"Sasa chagueni kwa ajili ya gari langu. Na safari hii nipimieni mbele yangu."

Ilichukua alasiri mbili. Walibishana kama ambavyo hawakuwahi kubishana, kwa sababu zamani hawakuwa na haja. Fundi alisema siku ya mashindano huwa ya joto, na foleni ya kusubiri zamu huichemsha injini kabla haijaanza kupanda. Akaongeza kwamba petroli ya kule juu hutoka kwenye pampu moja tu ambayo hakuna anayeijua ubora wake. Ukibana tisa, utalazimika kuchelewesha moto kiasi kwamba ulichopata kwa kubana utakipoteza kwa kuchelewesha. Desimali alipinga, akapiga hesabu, akakuta kaka yake amesema kweli, akasema basi nane na desimali saba. Fundi akasema nane na nusu.

"Mimi ningebishana hivyo na mwenzangu juu ya jino," Daktari alisema, "mgonjwa angeshuka kitini akakimbia."

Walikubaliana nane na nusu. Pistoni mpya zilipofika, Desimali alichimba kila moja sentimita za ujazo kumi na nne na desimali moja. Fundi alizipima zote nne kwa bomba la sindano mbele ya dada yake na mbele ya Daktari, akaandika matokeo kwenye daftari, kila mmoja akasoma.

Kwa ajili ya kusikiliza, Desimali alikunja bomba jembamba la shaba, akaliponda ncha moja na kulifunga kwa bolti kwenye injini. Ncha ya pili aliiunganisha na bomba la mpira lililopita kwenye tundu la ukuta unaotenganisha injini na viti hadi kwenye viziba masikio vya kazini. Alikaa kiti cha mbele amevaa vitu hivyo. Fundi alikaa nyuma na daftari. Walipanda barabara ya machimbo mara kumi na saba kwa siku mbili. Kila Desimali aliposikia punje ya kwanza alinyanyua kidole, Daktari akaachia mafuta, fundi akaandika kasi ya injini, wakasimama, akashuka kugeuza moto digrii moja. Mara ya kwanza kidole kiliponyanyuka, fundi aliinama mbele kati ya viti viwili akasikiliza kwa nguvu zake zote. Hakusikia kitu. Aliegemea nyuma akaandika: elfu nne na mia mbili.

Daktari alimpatia fundi miadi kwa daktari mwenzake wa masikio. Jibu lilikuwa fupi. Kelele za miaka thelathini zilikuwa zimeua kilichouawa, na hakuna dawa ya kukirudisha. Aliambiwa azibe masikio kazini ili abakize yaliyobaki, naye akayaziba. Mkewe alipoelezwa habari hiyo alisema alijua tangu siku ya birika, ila alikuwa akimsubiri aseme mwenyewe.

Mwaka uliofuata Daktari alipanda mlima na nane na nusu yake. Injini haikugonga, ingawa joto lilikuwa kali na foleni ilichukua zaidi ya saa moja. Alishika nafasi ya tano. Mshindi alimzidi kwa sekunde kumi na moja, na sekunde hizo, kama alivyokiri mwenyewe akiwa bado amevaa kofia ngumu, nne zilikuwa za gari na saba zilikuwa za dereva aliyeiogopa kona ya ishirini na sita.

"Hofu hiyo hatuwezi kuikereza," Desimali alimwambia.

Fundi alikuwa amesimama hatua chache kutoka kwao, viziba masikio vikining'inia shingoni. Aliuliza wamesema nini. Dada yake akarudia, kwa sauti ya juu kidogo kuliko alivyozoea, naye akacheka.